Mshika Mnyororo na Shamba la Mama

Siku tingatinga lilipoingia kwetu, mtu aliyelionyesha njia alikuwa Mshika Mnyororo.

Ilikuwa asubuhi, saa tatu hivi, nami nilikuwa nimeketi barazani nashona makuti ya hoteli moja ya Diani. Walikuja polisi wawili, dereva, dalali Salim wa Ukunda na karatasi yake mkononi, na nyuma yao mzee yule na fimbo yake. Nilimwambia shikamoo kwa mazoea tu. Hakuitika. Tangu nipate akili zangu hajawahi kuninyima marahaba, na hapo nikajua kwamba jambo limekwisha kabla sijaambiwa ni jambo gani.

Jiko lilikwenda kwanza, kisha nyumba. Nyumba ya udongo haichukui muda. Nilitoa godoro, sufuria mbili na bunda la makuti lililokuwa karibu na mlango. Dereva alipomaliza alitaka kugeuza mashine, na ubavu wake ukasogea kwenye ua wa minyaa wa jirani yangu. Mshika Mnyororo akainua fimbo.

"Rudi nyuma," akamwambia. "Huo ni mpaka wa watu."

Dereva akarudi nyuma. Minyaa ya jirani haikuvunjika hata tawi, na nyumba yangu ilikuwa chini.

Jina lake silitaji. Wengine nitawataja, maana sioni kwa nini niwafiche watu ambao hawakunificha mimi. Lakini mzee huyu wajukuu zake wamesoma chuo kimoja na wanangu, na isitoshe hapana mtu kwetu aliyekuwa akimwita kwa jina. Tangu mimi mdogo alikuwa ni Mshika Mnyororo. Mimi niliacha shule darasa la nne, kwa hivyo anayesoma haya asitafute mpangilio mzuri. Nitasema kama yanavyonijia.

Mshika Mnyororo hakuwa mpima ardhi. Wapima walikuwa watu wa kutoka mbali, waliokuja na darubini zao za miguu mitatu na kofia za jua. Yeye alikuwa ndiye anayeshika ncha ya mnyororo wa chuma na kuingia nao vichakani, kwenye upupu na miiba, mpaka aambiwe simama. Wapima walikuja wakaenda, wakastaafu, wengine wakafa. Yeye akabaki, na kichwani mwake zikabaki pembe za mashamba yote, kuanzia nyuma ya Diani mpaka karibu na Msambweni. Ukimwuliza bikoni, yaani kigingi cha mpaka, ya fulani iko wapi, hakuangalia ramani. Alifumba macho, akageuka kidogo kama mtu anayetafuta kibla, akakuambia.

Alikuwa na mwendo wa kuhesabu. Ukikutana naye njiani midomo inacheza, ulitakiwa unyamaze mpaka apite, kwa sababu ukimsalimu hesabu humpotea na hurudi alikoanzia. Sisi watoto tulikuwa tunamwamkia kusudi, mmoja hapa, mwingine kule mbele, ili tumwone akirudi na kurudi. Hata alipozikwa shemeji yake alihesabu nyuma ya jeneza. Watu walipokuwa wanatawanyika makaburini akamwambia imamu kwamba njia ile imesogezwa, zamani haikuwa ndefu hivyo. Imamu akamwambia, "Mzee, leo tuachie maiti apumzike, njia tutaipima kesho." Kesho yake alikwenda kuipima kweli, na ikawa imesogezwa kweli.

Tena alikuwa na desturi moja ambayo wapima hawakumfundisha. Chini ya kila bikoni alizika makaa na vigae vya chungu, kabla saruji haijamwagwa. Alisema saruji mtu anaweza kuing'oa usiku akaipanda kwingine, lakini hajazaliwa mwizi wa makaa. Kuna ndugu wawili kule kwetu waliogombana miaka mingi juu ya minazi minne. Walifikishana kwa chifu, kwa kadhi, mpaka wakaacha kuzikana. Mshika Mnyororo akaja na jembe lake, akachimba mahali ambapo hapana hata mmoja kati yao aliyekuwa anapataja, akatoa makaa na kigae chenye nakshi. Akawaambia, "Nyote wawili ni wezi, ila huyu kaiba hatua tatu na huyu kaiba tano." Wote wakacheka, na Idi ile walikula pamoja.

Palipo na kesi hakunywa maji ya mtu. Alibeba chupa yake, na ukimletea soda alikuambia mpe mtoto. Lakini harusini alikula pilau sahani mbili na kuomba ya kupeleka nyumbani. Mtu mwadilifu, ndiyo, nami siwezi kumwondolea hilo. Ila alipenda kuogopwa. Akiona umemjibu vibaya alipita mbele ya shamba lako taratibu, anatazama chini, anatikisa kichwa, basi tu, hasemi kitu. Ulikuwa hulali siku mbili. Na yeye mwenyewe, mtu wa mipaka ya wote, kiwanja chake hakikuwa na bikoni hata moja wala hati. Tulipomtania alisema mganga hajigangi.

Shamba letu alilipima nikiwa na miaka kama minane. Nakumbuka kwa sababu mama alinifunga kanga mpya. Bibi alikuwa amewagawia watoto wake, na kipande ambacho mama alikuwa amechimba kisima kikawa chake. Kwetu Wadigo mwanamke kupata shamba si ajabu. Mpima alikuwa mtu mnene aliyetaka kukaa kivulini, kwa hivyo aliyetembea na mama pembe zote nne ni Mshika Mnyororo. Kila pembe alimwuliza, "Ya nani hii?" na mama akajibu, "Yangu mimi." Yeye akapaza sauti kumwambia mpima aandike. Mama hakwenda kuchukua hati. Leo kesho, leo kesho, mpaka akafa. Tulimzika hapo hapo shambani, upande wa kisima. Faili likabaki masjala, nasi hatukuona haraka, maana kila mtu alijua.

Kila mtu alijua. Ndilo kosa letu la kwanza hilo, na naliandika hapa nisije nikaonekana najitakasa.

Kisha ikaja habari ya kompyuta. Baraza liliitwa, tukaambiwa ardhi yote inaingizwa kwenye mfumo. Mafaili yanaliwa na mchwa, yanapotea, yanafichwa na makarani, na sasa kila kiwanja kitaonekana kwenye simu na madalali watakosa kazi. Nilipiga makofi. Sitasema uongo, nilipiga kuliko wengi, maana mafaili kuliwa na mchwa ni kweli na makarani kuyaficha ni kweli. Msimamizi wa kazi ile alikuwa kijana mmoja mcheshi aitwaye Dennis. Mshika Mnyororo akasimama akamwuliza ile kompyuta ikikosea atakwenda kumpigia nani kelele. Watu wakacheka. Dennis naye akacheka, akamjibu kwa adabu kwamba kompyuta haikosei, hukosea anayeiambia.

Siku ya tatu yake Mshika Mnyororo alikuwa ameandikwa kazi, mwonyesha mipaka, na amepewa kizibao cha kung'aa. Kile kizibao! Alikivaa sokoni, akakivaa shambani, akakivaa msikitini mpaka akaambiwa akivue kwa sababu kinawapiga macho walio safu ya nyuma. Mtu aliyekuwa akisema vidude vya vijana havijui upupu ulipo, sasa alikuwa anawabebea mkoba. Siku walipoirusha ile ndege ndogo ya kupiga picha, kuku walijificha uvunguni na yeye alikuwa amesimama katikati ya uwanja, amezishika kofia na kanzu, anaitazama kama baba anayemwona mwanawe akitembea.

Kuna jambo lilimbadilisha, na nilikuwepo. Kwenye shamba moja kile kidude cha vijana kilisema pembe iko hatua mbili kutoka mahali aliposimama yeye. Akawaambia kidude kimelewa. Akachimba aliposimama, hapana kitu. Akachimba kilipoonyesha kidude, akatoa makaa yake mwenyewe. Alikaa chini kwenye mchanga. Kisha akainuka akaenda kwa mwenye shamba, akamwomba radhi kwa mikono miwili, akasema macho yake yamezeeka na kile kitu hakizeeki. Tangu hapo hakubishana nacho tena. Tulimsifu kwa kuwa mtu mzima aliyekubali kukosea. Sasa naona ni afadhali angebaki mbishi.

Walifika kwangu baada ya adhuhuri. Vijana wawili wenye tableti, Dennis, na Mshika Mnyororo ndani ya kizibao. Niliwakaribisha madafu, vijana wakanywa, yeye akanywa maji yake. Mmoja akaniuliza, kidole tayari kwenye kioo, "Mama, hapa ni kwa nani?"

Nikajibu, "Hapa ni kwa mjomba."

Sasa asiye wa kwetu atasema huyu mwanamke mjinga. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa hai wakati huo, anaishi Lunga Lunga, ana shamba lake kule. Kwetu mtu hasemi hapa ni kwangu ilhali mjomba wake yu hai. Ukisema hivyo umemtakia mauti. Hata kuku, ukiulizwa, ni wa mjomba. Mgeni akija akikuuliza, unamtaja mkubwa wako, na mgeni wa kwetu anaelewa kwamba amejibiwa kwa adabu, kisha anauliza tena, "Na anayelima?" Hapo ndipo unasema ni mimi. Maswali huwa ni mawili. Kijana yule aliuliza moja, akabonyeza.

Nilimtazama Mshika Mnyororo. Yeye ndiye aliyewekwa pale kwa ajili hiyo, kuwaelekeza wageni. Yeye ndiye aliyezunguka pembe nne na mama yangu. Akanitazama. Akakohoa. Kisha akasema, "Twendeni, jua linakwenda." Dennis akamwekea kile kioo, naye akakibandika kidole gumba kwamba amethibitisha.

Si mimi peke yangu. Msimu ule mtaa mzima ulikuwa wa wajomba. Jirani yangu wa minyaa alinusurika kwa kuwa wajomba zake wote walikwisha kufa.

Mjomba alifariki mwaka uliofuata, Mungu amrehemu, hakuwa na kosa. Mwanawe Hamisi akaenda kuulizia mali ya baba yake, akafunguliwa mfumo, akakuta babake ana mashamba mawili, lile la Lunga Lunga na hili letu karibu na bahari. Hamisi alilala kwenye nyumba ile akiwa mtoto. Alimwona mama yangu akichimba kile kisima. Alijua. Akamtafuta dalali Salim, na Salim akatafuta mnunuzi ambaye mpaka leo sijauona uso wake. Zamani kumnyang'anya mtu shamba ilikuwa kazi ya miaka, ulipata nafasi ya kusikia fununu, kupiga kelele, kuweka zuio. Siku hizi imekuwa nyepesi. Mimi fununu yangu ya kwanza ilikuwa mngurumo wa tingatinga.

Nilikwenda ofisi ya ardhi mara nyingi, nauli za kuungaunga. Dirishani walikuwa wapole, siwezi kusema walinitukana. Waligeuza kioo wakanionyesha jina la mjomba, na chini yake jina la kampuni. Nikasema mwenyewe alikuwa mama yangu, kulikuwa na faili. Wakasema faili la zamani halikuhamishwa. Nikauliza nani hakulihamisha. Karani akasema, "Mama, mfumo ndio unavyoonyesha." Nikamwuliza huo mfumo una vidole? Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka, naye akacheka pia, akamwita anayefuata.

Sasa naishi chumba cha kupanga Ukunda. Makuti nashona bado, kwa majani ya kununua, na majani yangu nayaona juu ya ukuta waliouzungusha shamba kila nikipita. Kaburi la mama limebaki ndani ya ukuta huo. Nikitaka kulizuru namwomba mlinzi. Mlinzi ni kijana mwema, hufungua ikiwa wenyewe hawapo.

Kwa miaka miwili sikutaka kumwona Mshika Mnyororo. Nilisikia ameacha kazi, kizibao kimerudishwa, macho yamefifia. Nilisikia amehamia Shimoni kwa binti yake. Mwaka huu, baada ya mfungo, nikaenda.

Binti yake alinipokea vizuri, akanitahadharisha mapema. Alisema nimefanya vyema kuja asubuhi. Asubuhi babake yu timamu kama zamani, lakini jua likipinduka akili inamwondoka, humwita yeye kwa jina la mamake aliyekufa, na anataka kwenda kazini.

Alikuwa amekaa kwenye mkeka, amepungua. Nikamwambia shikamoo. Aliijua sauti yangu.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Nina deni la moja nyingine."

Sikucheka. Nikamwuliza palepale kama alijua, siku ile ya tableti, kwamba shamba ni la mama.

"Nilijua. Nimezunguka na mamako pembe zote nne. Alikuvalisha kanga, ilikuwa kubwa, unaikanyaga."

"Basi kwa nini ulinyamaza, baba?"

Akasema angesemaje mbele ya wageni kwamba mtoto wa watu amejibu vibaya, nami nimemtaja mjomba wangu kwa heshima? Angeniaibisha barazani kwangu. Alisema jioni ile alimwendea Dennis peke yake, akamweleza kwamba majibu mengi ya mtaa ule ni ya adabu, yarudiwe, waulizwe swali la pili. Dennis akamwambia orodha inatakiwa wiki ile, na kisanduku cha jina ni kimoja, hakiandikwi familia. Wenye malalamiko watakuja siku za kukagua. Siku za kukagua zilitangazwa ndani ya huo huo mfumo, nasi hapana hata mmoja aliyeujua mlango wake.

"Akanipa fomu zilizobaki nizitie kidole zote pamoja," akasema. "Nikazitia."

"Kwa nini ulizitia?"

"Kwa sababu ile kazi nilikuwa naitaka."

Hilo alilisema wazi, bila kuinamisha kichwa. Nimelifikiria mara nyingi tangu siku ile. Nilikwenda na matusi yangu tayari, nikayakosa pa kuyaweka.

Nikamwuliza na siku ya tingatinga, kwa nini alikuja. Akasema Salim alimfuata, akamwambia nyumba itavunjwa akija asije, na dereva hajui mipaka. Akaogopa kwamba dereva angewapitia na wengine. Alikuja kuwaokoa waliobaki.

Nikasema, "Ukaniona mimi nimekwisha."

"Nilikuona," akasema. "Ndiyo sababu sikuitika."

Nikamwuliza kama atayasema haya mbele ya hakimu. Akasema atayasema, pembe moja moja, na hatua zake. Akanitajia palepale: kutoka kisimani hadi pembe ya bahari, kutoka pembe ya bahari hadi njia ya punda. Hakukosea hata moja. Kisha akaniuliza ni lini atakuja kuchukuliwa. Wakili wa bure niliyepewa amesema kesi itatajwa, ikatajwa, itatajwa tena. Tuliendelea kuongea, binti yake akaleta chai ya maziwa na mihogo. Ilipofika adhana ya adhuhuri Mshika Mnyororo alinigeukia akaniuliza mimi ni mtoto wa nani, na kama nimekuja kupimiwa.

Basi mimi sitaki tena kuambiwa mfumo. Namtaka Dennis, popote alipohamishiwa, aje akae kwenye mkeka ule aseme kama aliambiwa au hakuambiwa. Namtaka Hamisi bin mjomba aje aseme kisima kile kilichimbwa na nani. Namtaka Salim aseme mnunuzi ni nani, mwenye uso na jina. Na mkubwa wa masjala, ambaye jina lake nimeuliza mara tatu sikupewa, aje aseme faili la mama yangu lilitoka rafuni kwa mkono wa nani. Shahidi wangu yu hai, ana akili zake, yuko Shimoni kwa binti yake, na mlango uko wazi. Ila njooni asubuhi, na njooni mwaka huu.